Chombo Hakirudi Kitupu

Siku hizi kifurushi kinachotumwa vitani humfikia mwanajeshi mwenye njaa kuliko wote katika ukoo wako, awe wa zama zozote. Bi Mwanahawa alimtumia bintiye Asya, aliyekuwa vitani, kopo la visheti. Kwao chombo cha watu hakirudishwi kitupu. Kopo liliporudi, ndani mlikuwa na kifungo cha shaba chenye matope mabichi.

Mume wa Bi Mwanahawa, Mbaraka, alikilinganisha na vifungo vya sare ya askari kwenye picha ya ukutani. "Ni cha babu yangu! Yule aliyepotelea vitani Burma!"

"Kumbe babu mkwe mlafi hivi," Bi Mwanahawa alicheka huku akilia. "Hakubakiza hata kimoja!"

Alikibusu kile kifungo, akakanda unga mwingine. Hakuna aliyethubutu kuuliza ukoo ule una wangapi wenye njaa kumpita Asya.