Mfuko Juu ya Wali

Tunu alipofunua sufuria, mumewe Shamte aliuona mfuko wa plastiki wa buluu uliotandazwa juu ya wali kuzuia mvuke usitoke. Ulikuwa umetengenezwa kiwandani anakofanya kazi. Alikuwa akiileta mifuko hiyo nyumbani kwa mabunda tangu alipoanza kazi ya kuchanganya rangi, na mkewe hakujua tena kupika wali bila kuufunika hivyo.

Wageni waliokuja kumposa binti yao Saumu walikuwa sebuleni, wanaongea kwa sauti za watu wenye njaa.

"Mbona umeganda, Baba Saumu?"

"Asubuhi nimemuuliza tajiri ule unga wa rangi una nini ndani. Magunia yake hayana hata jina."

"Akasemaje?"

"Eti siku mataifa yote yakikubaliana kupunguza mifuko na kutaja vilivyomo, naye atapunguza na atataja. Kwa sasa anaongeza mashine nyingine, mimi nichanganye tu."

Tunu akaushika mfuko kwa ncha za vidole, akauvuta. Ulikuwa umelainika kama utando wa maziwa, na pembe yake moja haikuwepo.

Shamte akachukua mwiko, akaupekua wali pembeni, chini, tena pembeni. Hakuona hata chembe ya buluu.

"Wageni wananawa," Saumu alisema mlangoni, sinia mikononi.

"Subiri, mwanangu."

Shamte akachota wali kidogo, akautia mdomoni, akatafuna polepole huku amefumba macho, kama mtu anayeuliza swali lile lile la asubuhi mahali pengine.

Sebuleni, maji ya kunawa yaliacha kumiminika.