Binti wa Wachamus

Sheria ilisema hakuna mgonjwa atakayepasuliwa ubongo bila daktari anayejua lugha ya mama yake. Kwa Wachamus wote, jamii ndogo ya kando ya ziwa, daktari huyo alikuwa Naisula Lekichep peke yake.

Asubuhi hiyo alimpasua Mzee Lenapunya, kichwa kikiwa na ganzi lakini mwenyewe yu macho, ili akiongea waijue sehemu inayobeba maneno wasiiguse.

"Nitajie samaki wa ziwa letu," Naisula alimwambia kwa Kichamus.

Mzee aliwataja wote, kisha akauliza, "Wewe ni binti wa nani?" Alipojibiwa akatabasamu. "Basi niko nyumbani."

Naisula alirudi kwake akiwa na furaha. Alimkuta bintiye Seleina, wa miaka kumi na mmoja, ameshika barua ya serikali.

"Mama, wamenichagua. Ukistaafu, daktari wetu nitakuwa mimi."

"Ni heshima kubwa, mwanangu."

"Najua. Ila mimi nataka kujenga madaraja."

Naisula aliichukua ile barua. "Tuna nani mwingine?" aliuliza kwa upole, akatia sahihi ya mzazi.

Walikula pamoja wakizungumza habari za shule. Seleina alijibu kila swali kwa adabu, bila kuinua macho.