Mdomo wa Kidole Kimoja

Jino la mwanasesere wa mazoezi liliruka, likagonga kabati, likadunda sakafuni. Madaktari wakaangua kicheko.

"Sekunde thelathini na moja!" alitamba aliyeling'oa, mikono juu kama mfungaji wa bao. "Mpira umeingia kooni au haujaingia?"

"Umeingia," alijibu Sista Saa. Hakucheka. Aliinama akaokota lile jino, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaita anayefuata.

Aliyefuata alikuwa daktari wa usingizi mgeni, mwezi wa pili tu pale hospitalini. Naye hakuwa amecheka, maana hakuna aliyegeuka kumtazama ili wacheke pamoja.

Ilikuwa wiki ya majaribio. Wakubwa walitaka kujua, kati ya vifaa viwili vya kumulikia koo kupitia mdomoni, kipi kinafaa zaidi pale mpira wa kupumulia unapopitishwa puani: kile cha chuma cha miaka yote, au kile kipya chenye kamera na kioo kidogo. Wanasesere wa mazoezi walikuwa wawili. Wa kwanza alifungua mdomo bila shida. Wa pili taya lake lilikazwa kwa skrubu, mdomo ukafunguka upana wa kidole kimoja, basi. Sista Saa ndiye aliyeomba huyo wa pili aongezwe.

Jina lake halisi mgeni hakulijua. Wote walimwita hivyo kwa sababu ya saa ya kuhesabia sekunde iliyoning'inia shingoni mwake. Alivaa barakoa tangu asubuhi hadi jioni, na alisema maneno mawili matatu tu, tena kwa kubana meno, kama mtu aliyeudhiwa. Wakati wa chai alikwenda kwenye kona yake, akawapa watu mgongo, akanywa chai iliyopoa kwa mrija.

Mgeni alikaa kona ya pili. Siku zote alizofanya kazi pale, mtu mmoja tu ndiye aliyemuuliza anatoka wapi, na huyo hakungoja jibu. Jioni alirudi kwenye chumba chake cha kupanga, akawasha redio ili kuwe na mtu anayezungumza.

"Kamera kwanza," alisema Sista Saa, akabonyeza saa.

Kwa mwanasesere wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kwa wa pili mgeni alisogea karibu, akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Samahani, mama," alinong'ona kwa mazoea. "Napita puani. Taratibu."

Nyuma yake mtu alibana kicheko, kikamponyoka. Mgeni hakugeuka. Koo lilionekana kwenye kioo, mpira ukateleza ndani. Sekunde hamsini na nane. Hakuna aliyechukua muda mrefu kama yeye.

Ikaja zamu ya kifaa cha chuma. Akakiingiza, kikagota kwenye meno. Akakitoa, akajaribu kwa pembe nyingine, kikagota tena. Alijua kwamba akikaza mkono kidogo tu, kitapita. Akakiweka mezani.

"Naishia hapa."

"Muda bado unao," alisema Sista Saa.

"Muda ninao, Sista. Lakini huyu angekuwa mtu, sasa hivi ningekuwa namuumiza. Ningemwamsha, nimwambie ukweli kwamba nimeshindwa, tutafute njia nyingine."

"Daktari mzima anamwonea mwanasesere huruma!" alisema yule wa jino, na chumba kizima kikacheka.

Sista Saa aliandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko alivyoandika kwa mtu mwingine yeyote, na kila mstari aliouongeza, mgeni alihisi kibarua chake kinaota nyasi. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu ya kuangaliwa tu. Ripoti moja mbaya ilitosha.

Ijumaa Sista Saa alimkuta mlangoni.

"Daktari, Jumatatu uko zamu ya upasuaji?"

"Hapana, Sista."

"Sasa uko. Asubuhi, chumba cha pili. Na utumie kamera."

Akaondoka kabla hajaulizwa chochote.

Mgeni alijua maana yake. Wanataka kumwona akishindwa mbele ya watu, ili wamwage kwa sababu inayoeleweka. Jumapili yote alikunja nguo zake moja moja, akazipanga kwenye sanduku. Hakuwa na wa kumuaga.

Jumatatu muuguzi wa upasuaji alimpokea na faili mkononi.

"Uvimbe wa taya. Mdomo haufunguki, kidole kimoja kwa shida. Mpira upite puani."

"Nani amenipanga mimi?"

"Mgonjwa mwenyewe. Amewakataa wengine wote. Amesema ama wewe, ama arudi nyumbani na uvimbe wake."

"Mbona mimi simjui mtu katika mji huu?"

Muuguzi alipandisha mabega, akamkabidhi faili.

Mgeni akausukuma mlango. Kitandani, chini ya taa kubwa, alikuwa amelala Sista Saa.

Mgeni akateremsha macho kwenye faili, angalau ajue ni nani anayesubiri huko nje, nani wa kupelekewa habari, njema au mbaya. Kwenye nafasi ya ndugu wa karibu palikuwa na jina moja tu, la daktari mgeni mwenyewe, limeandikwa lote kwa herufi kubwa, wala halikukosewa hata herufi moja.