Tangi la Watu Watano

"Hapa wanaoga watu wangapi, mama?"

Fundi wa sola alikuwa amesimama kwenye mlango wa bafu, kalamu mkononi. Kwa hesabu hiyo angechagua ukubwa wa tangi la kupasha maji kwa jua.

"Watano," mjane akajibu haraka.

Fundi alitazama ukutani. Misumari mitano ya kutundikia taulo ilipigwa kwa kimo, wa chini kabisa ukimfika mtu mzima kiunoni. Taulo lilikuwa moja tu, kwenye msumari wa juu. Ile minne mingine ilikuwa imeshika kutu.

"Watoto wako shule?"

"Shule! Kitinda mimba mwenyewe ana kipara." Alicheka, kisha akaacha. "Wako mbali. Sitaki waje wakute maji baridi."

"Mara ya mwisho walikuja lini?"

Mjane alilinyoosha taulo, ingawa lilikuwa limenyooka.

Fundi akashusha kalamu. "Mama, nikwambie ukweli, biashara kando. Kwa mtu mmoja, hata tangi dogo halirudishi gharama yake. Birika linakutosha. La watu watano ndiyo usiseme. Maji yasipotumika yatachemka mpaka yafurike, yamwagike juu ya paa kila mchana."

"Yatapiga kelele?"

"Tena sana! Ukiwa sebuleni utadhani kuna mtu anaoga."

Mjane aliitazama ile misumari, mmoja mmoja, mpaka ule wa chini.

"Andika watano, fundi."