Hotuba ya Kurasa Tatu

"Mto huu mwembamba," alisema mke wa meneja. "Ana shingo mbovu, au mmesahau?"

Naibu meneja na mlinzi wakatazamana. Lakini mwenye mume akishasema, nani wa kubisha? Wakainua mfuniko wa sanduku, na mama akaupenyeza mto mnene aliokuja nao kutoka nyumbani. Fundi taa aligeukia ukutani akauma mdomo.

"Haya, funikeni. Na wewe, shemeji," akamwambia naibu, "soma vizuri, lakini usitukawize. Chakula kinapoa."

"Nitajitahidi, shemeji."

Meneja alikuwa amelala katikati ya jukwaa lake, ndani ya suti ya kijivu, kama alivyoagiza. Aliagiza kila kitu, kwa sababu maisha yake yote hakuwahi kumwachia mtu onyesho. Taa iwe ya manjano. Nyeupe, alisema, inamzeesha. Sanduku lisinunuliwe, litolewe stoo kwenye vifaa vya michezo ya kuigiza, lipakwe rangi upya. Milango mikubwa ifungwe, wafanyakazi wawe naye peke yao kwanza. Kwenye ukurasa wa tatu taa ififie, ndipo watu walie. Hotuba yenyewe aliiandika kwa mkono wake na kumkabidhi naibu kwa onyo moja: asiruke mstari, asiongeze neno.

Naibu alikuwa ameisoma mara nne, akitafuta neno moja tu. Miaka ishirini na sita alikuwa akilisubiri neno hilo litoke kinywani mwa meneja. Halikuwamo hata kwenye karatasi.

Akapanda jukwaani. Mstari wa mbele walikaa wenzake: mkata tiketi, mlinzi, mama wa usafi na ndoo yake miguuni, na mke wa meneja pembeni.

"Marehemu aliushika ukumbi huu kwa miaka thelathini na minne," alisoma. "Aliukuta una viti arobaini na panya wasio na idadi. Ameuacha una viti mia sita."

"Na panya," alinong'ona mama wa usafi.

"Marehemu hakuruhusu kitu chochote kipande jukwaani bila mazoezi. Hata mkutano wa mwaka wa wafuga nyuki ulifanyiwa mazoezi mara mbili, na nyuki walikuwepo." Akafungua ukurasa wa pili. "Marehemu alikuwa mnyenyekevu kuliko mameneja wote wa zama zake. Unyenyekevu wake haukuwa na mfano, na mimi ninayesoma nashuhudia kwamba sijawahi kuuona kwa mtu mwingine, wala sitarajii."

Unyenyekevu ulichukua ukurasa mzima. Mkata tiketi alipiga miayo akaifunika kwa mkono.

Ukaja ukurasa wa tatu, na usiku wa mvua kubwa. Mabati yalipiga kelele hadi mwimbaji akashindwa kusikika. Watu walianza kutaka kuondoka, ndipo marehemu alipopanda jukwaani peke yake, akawachekesha saa mbili nzima mpaka mvua ikakatika.

Peke yake! Naibu alirudia mstari ule kimoyomoyo. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Wenzangu, nitaongeza neno."

Mkata tiketi akashika kichwa. Fundi taa, mkono ukiwa kwenye swichi, hakujua azime au aache.

"Usiku ule watu walicheka kwa kuwa suruali ya meneja ilipasuka nyuma, kuanzia mkanda kwenda chini. Alipopanda, nikapanda naye. Nilisimama mgongoni mwake na kitambaa cha meza. Akienda kulia, naenda kulia. Akiinama, nainama. Saa mbili! Aliposhuka aliniambia, 'Kitambaa kirudishe kikiwa safi.'"

Mama wa usafi alicheka, kisha akajuta.

"Alikuwa na msemo wake: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sawa. Lakini mgema huyu hajasifiwa miaka ishirini na sita, hata kwa bahati mbaya. Nimembebea spika. Nimemdanganyia wanamuziki. Mke wangu alipojifungua, mimi nilikuwa hapa nikipanga viti." Mfuniko ulikuwa umefungwa, na hilo ndilo lililompa ujasiri. Uso kwa uso asingethubutu. "Na bado nampenda mzee huyu kama baba yangu. Nilitaka asante moja. Moja tu, nikaitunze."

Machozi yalimtoka, na yalikuwa ya kweli. Mlinzi, pande la mtu, alianza kulia kwa sauti, taa bado inawaka. Mama wa usafi akafuata. Mke wa meneja alijifuta macho kwa kiganja, akalitazama sanduku kwa jicho kali, jicho la mwanamke aliyekuwa akiyasema hayo nyumbani siku zote.

Ndani ya sanduku kukagongwa mara tatu.

Hakuna aliyeshtuka. Mlinzi alipanda, huku akipenga kamasi, akainua mfuniko. Meneja akakaa kitako, nywele zimevurugika, akaweka tai sawa.

"Asante," alimwambia naibu, kwa taabu, kama mtu anayemeza kidonge bila maji. "Sasa habari ya suruali itoke, tunarudia kuanzia mwanzo, na safari hii mlinzi asilie kabla ya taa."