Kanuni za Zamani

Kidole cha Orpa kiliganda juu ya kibodi pale mtaani Nyamitanga.

Mwezi uliopita kompaila, kifaa cha kompyuta kinachokagua na kutafsiri programu, ilimchosha kwa maonyo juu ya mwandiko wa programu yake ya kupimia watoto dawa, akaichagulia kanuni za zamani zisizokagua mengi, ikanyamaza. Leo alirudisha kanuni mpya, na katikati ya maonyo sitini akaliona hili: kilo za mtoto aliziingiza kwa jina «poids», yaani uzito kwa Kifaransa, lakini hesabu ilisoma «uzito», jina ambalo hakulipatia namba. Programu ilikuwa ikiokota namba yoyote na kupimia dawa kwayo!

Akampigia mama yake, mhudumu wa afya kule Rubondo, aliyeanza kuitumia programu hiyo asubuhi ileile.

"Mama, usimupe mutoto yeyote dawa!"

"Orpa, kelele ya nini? Bote bamekwisha kunywa. Nilianza na ule mutoto wako uliniachia."