Kimya cha Kidato cha Tatu

"Haya, nani atuambie?"

Hakuna mkono ulioinuka.

Rula ya mita ilikuwa imelala juu ya kipande cha mbao pale mezani, imetulia kama maji mtungini. Wanafunzi arobaini na wawili nao walitulia vivyo hivyo. Mwanachuo, binti aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, akarudia swali pole pole: uzito wa gramu mia mbili uko sentimita thelathini kutoka kwenye egemeo. Wa gramu mia tatu tuuweke wapi, upande wa pili, rula isiiname?

Kimya.

Ijumaa maswali ya aina hiyo waliyajibu huku wanafunga mikoba.

Nyuma ya darasa, mkufunzi kutoka chuoni aliandika kitu kwenye fomu. Wanachuo walimwita Kalamu Nyekundu. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuja kumkagua, na ya mwisho. Mara ya kwanza binti aliporomoka kwa woga; ya pili alipona chupuchupu. Ya leo ndiyo ya kuamua. Akifaulu, mwezi ujao anaanza kazi katika shule iliyo jirani na kwao. Akifeli, anarudia mazoezi ya kufundisha muhula mzima, hapa hapa. Kwao alikuwa na mtoto wa miaka miwili anayelelewa na bibi yake. Jana kwenye simu, mtoto alimwita shangazi.

Akamgeukia msichana wa mbele, ambaye wenzake walimwita Redio kwa kuwa hakuna aliyewahi kumzima.

"Redio, tusaidie."

Redio akasimama, akatazama viatu vyake. "Sijui, Mwalimu."

"Hujui, au hukusikia swali?"

"Vyote viwili, Mwalimu."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana darasa hili lilicheka hata kiti kikianguka.

Mvulana wa dirishani aliinua mkono nusu. Jirani yake akamkanyaga mguu chini ya dawati, na mkono ukaishia kukuna kichwa.

Hapo mwanachuo akaelewa. Asubuhi ile, mama mmoja wa ofisi ya walimu alimwonya: "Mwanangu, hao wa kidato cha tatu ni kinyonga. Wanakuchekea mwezi mzima, siku ya mgeni wanakuumbua." Na kweli aliwabana. Aliwakuta wamekaa miaka miwili bila mwalimu wa fizikia, akawaendesha mchakamchaka. Ijumaa aliwarudishia jaribio zima walifanye upya, mpaka saa kumi na moja jioni. Alipowaachia, akawatania: "Jumatatu mniombee, la sivyo mtanivumilia muhula mwingine." Hata tabasamu hawakumpa.

Akajaribu njia nyingine. Akamwita kiranja wa darasa, kijana mrefu mwenye akili kama wembe, aje mezani aweke uzito kwa mkono wake. Kiranja akauchukua ule wa gramu mia tatu, akauweka kwenye ncha kabisa. Rula ikabinuka, vitu vyote vikaanguka sakafuni kwa kishindo.

"Samahani, Mwalimu," kiranja akasema. Akainama kuokota. "Samahani sana."

Kalamu Nyekundu akafungua ukurasa wa pili.

Kengele ilipolia, mkufunzi alimpeleka kwenye chumba cha vifaa, wakakaa kati ya makabati.

"Andalio la somo ni zuri," alisema. "Ubao msafi, sauti inafika. Hata mimi nimeelewa, na fizikia niliikimbia zamani. Lakini fomu hii hainiulizi kama mimi nimeelewa."

"Wanajua, Mwalimu. Nakuapia wanajua. Wiki iliyopita walijibu yote."

"Kila ninayemkagua, darasa lake lilijua wiki iliyopita."

"Nina mtoto, Mwalimu. Ananisahau."

Kalamu ikasimama. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nami ninao watatu, binti yangu. Siku moja watafundishwa na mtu niliyempitisha mimi."

Akaandika thelathini na nane kati ya mia. Akaizungushia duara, akamsogezea fomu asaini. Mlango ulikuwa wazi, na kivuli cha mtu kikapita ukumbini. Binti hakuinua kichwa. Alisaini mahali alipoonyeshwa.

Gari la mkufunzi lilipoondoka, akaenda bombani kunawa uso. Alinawa mara mbili, macho yakakataa kuwa meupe. Basi akarudi darasani hivyo hivyo, akachukue rula na vile vipande vyake vya uzito. Alikuwa amekwisha kuamua kwamba hatawauliza kitu. Mtu hamuulizi nyoka kwa nini amemng'ata.

Mlango ulikuwa umerudishwa. Ndani chaki ilikuwa inakimbia ubaoni. Akachungulia kwenye ufa. Kiranja alikuwa ameandika maswali yote saba ya leo, na chini yake majibu yote saba, bila kosa. Darasa zima lilikuwa linanakili.

Redio peke yake alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati, mabega yanamruka. "Mliuona uso wake lakini?"

"Tuliuona wote," kiranja akasema bila kugeuka. "Wewe unataka tukae tena miaka miwili bila mwalimu? Nimeiona fomu. Amefeli, anabaki." Akaanza kufuta ubao. "Jifute machozi, akiingia tumchangamkie. Na muhula ujao mkaguzi akija, kimya ni hiki hiki, mpaka tumalize mtihani."